Nuru, Moshi na Rangi za Jikoni

Majina ya rangi yaliyo vivumishi vya asili katika Kiswahili ni matatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Mengi ya yaliyosalia yameazimwa kwa vitu, na baadhi ya vitu hivyo hutoka jikoni. Manjano ni kiungo kitiwacho katika mchuzi. Kahawia yatokana na kahawa, na kijivu na majivu ya mafiga. Yaelekea tangu zamani jikoni ni mahali ambapo macho ya watu yalijifunza kutofautisha rangi.

Katika kijiji cha Wawi, karibu na mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, kazi ya kusoma rangi haiishi. Wawi hujulikana kwa kiwanda cha mafuta ya makonyo ya karafuu, na mchumaji wa karafuu hutazama rangi kabla ya kukata kishada: machipukizi huchumwa yakiwa bado yamefumba, yanapoanza kuacha ukijani na kuingia wekundu, na yakishaanikwa juani huwa kahawia iliyokoza. Mpishi naye hufanya vivyo hivyo. Hutazama kitunguu kisije kikaungua, huchagua mchele uliochanganyika na vijiwe, huchunguza kama muhogo umeota ukungu, na hufunua matamvua ya samaki aone kama yangali mekundu. Akikosea kusoma rangi, familia yaweza kula chakula kilichoharibika. Kwa hiyo mpango wa rangi za jikoni si urembo peke yake; ni jambo la kuona vema na, kama itakavyoelezwa, ni jambo la afya.

Hesabu ya nuru

Katika nyumba nyingi za vijijini, chumba cha kupikia huwa nyuma ya nyumba, nacho huwa na dirisha dogo au hakina kabisa. Nuru kidogo iingiayo hugonga ukuta, ikarudishwa, ikagonga mwingine, mpaka ikaishia. Chokaa mpya hurudisha kama sehemu 80 katika kila sehemu 100 za nuru. Ukuta wa udongo mwekundu hurudisha kidogo zaidi. Kwa ajili ya hesabu na iwe sehemu 20.

Katika chumba cha chokaa, nuru ya 100 hubaki 80 baada ya kugonga mara ya kwanza, 64 baada ya mara ya pili, na 51 baada ya mara ya tatu. Katika chumba cha udongo hubaki 20, kisha 4, kisha pungufu ya 1. Dirisha ni lile lile na jua ni lile lile. Kilichobadilika ni rangi ya ukuta. Masizi ni mabaya kupita udongo, kwani hurudisha chini ya sehemu 5 tangu mgongano wa kwanza.

Upungufu huu wa nuru hauathiri rangi zote sawasawa. Mwaka 1825 mwanasayansi wa Kicheki, Jan Purkinje, alieleza kwamba giza linapoingia jicho hupoteza wekundu kwanza, ilhali buluu na kijani huendelea kuonekana. Ndiyo maana matamvua ya samaki katika chumba chenye giza huonekana meusi, yawe mazima au yameoza.

Rangi na jirani yake

Jicho pia hudanganywa na rangi zilizo karibu. Mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, alisimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris. Alipochunguza malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu, alitambua kuwa dosari haikuwa katika nyuzi hizo bali katika rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kilichoeleza kanuni hiyo: kila rangi hubadili mwonekano wa jirani yake. Zaidi ya hayo, ukuta wenye rangi kali huitia rangi hiyo nuru inayourudia. Nyama ikitazamwa karibu na ukuta wa kijani kibichi yaweza kuonekana kama imechacha.

Kutokana na kanuni hizi, chumba cha jiko chaweza kugawanywa katika daraja tatu. Daraja la kwanza ni dari na sehemu kubwa ya kuta: ziwe nyeupe au za rangi ya maziwa, ili nuru ienee bila kugeuzwa. Daraja la pili ni sakafu na sehemu ya chini ya ukuta, mahali pa matope na mirusho ya mchuzi: hapa hufaa rangi tulivu, kama wekundu wa udongo au kijivu cha saruji. Daraja la tatu ni vitu vidogo: mlango, rafu, na kawa za ukindu uliotiwa rangi. Humo rangi kali zina nafasi yake, mradi zichaguliwe moja au mbili na kurudiwa mahali kadhaa. Marudio hayo ndiyo yafanyayo chumba kionekane kitu kimoja.

Mpango wa namna hii una historia. Mwaka 1926 mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani, na majiko kama 10,000 yakajengwa. Makabati yake yalipakwa buluu iliyoelekea kijani, kwa kuwa iliaminiwa kwamba nzi huikimbia rangi hiyo. Imani kama hiyo ni swali jema la kupimwa na wanafunzi: wapake vibao rangi mbalimbali, waviweke nje, na wahesabu nzi watuao.

Chokaa na tahadhari zake

Rangi nyeupe ya pwani ni chokaa. Mawe ya matumbawe huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ya kaboni dioksidi ikatoka, na chokaa hai ikabaki. Ikitiwa maji hutokota na kuwa unga laini. Ikipakwa ukutani huvuta tena kaboni dioksidi na kugeuka ngozi nyembamba ya jiwe. Ukali wake huzuia ukungu, lakini waweza pia kuunguza macho. Kwa hiyo chokaa isizimwe na watoto. Tanuri la chokaa nalo hula magogo mengi, basi isitumiwe ovyo. Wanaochagua rangi za dukani waulize kama hazina risasi, hasa za manjano na nyekundu zinazong'aa, kwa sababu madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Mpakaji asiyealikwa

Hata hivyo, mpango wowote huvurugwa na moshi wa kuni, ambao huupaka ukuta upya kila siku kwa masizi. Wengi huona tatizo hilo ni la usafi, wakachagua rangi nyeusi au kahawia ili uchafu usionekane. Kufanya hivyo ni kuficha dalili na kuacha ugonjwa. Chembe zinazotua ukutani ndizo zinazoingia mapafuni mwa mpishi na mwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani.

Ukuta mweupe, basi, ni kipimo cha moshi kisicho na gharama. Wanafunzi waweza kutundika kadi mbili nyeupe kwa juma moja, moja karibu na mafiga na nyingine karibu na mlango, kisha wakazilinganisha. Jaribio lirudiwe baada ya kutoboa dirisha upande wa pili, kutumia kuni kavu, kujenga dohani au kuhamia gesi. Kadi ikibaki nyeupe zaidi, hewa nayo imeboreka.

Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga, na taa zimefika katika nyumba nyingi. Lakini nuru ya taa nayo hufuata hesabu ile ile: mbele ya masizi hupotea. Anayetaka jikoni penye rangi zinazopatana na aanze kwa kuutoa moshi, kisha afungue njia ya nuru. Kuchagua rangi kuje mwisho.