Kusoma kwa Sikio: Funzo la Utafiti kutoka Elisabethville

Mwanachuo atokaye Wamaza, kati ya Kasongo na Kabambare, hana haja ya kungojea maktaba kubwa ili ajifunze mbinu za utafiti. Mfano mwema ni Vocabulaire ya mji wa Elisabethville (leo Lubumbashi), historia iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliowahi kuwa watumishi wa Wazungu. Jina ni la Kifaransa, bali matini ni Kiswahili cha mji huo, katika tahajia isiyofuata kanuni sanifu. Johannes Fabian alipoitayarisha kwa chapa ya 1990, Kalundi Mango aliisoma kwa sauti. Yaliyolitatiza jicho yakafahamika kwa sikio.

Funzo ni dhahiri. Kusikiliza ni hatua ya utafiti, si matayarisho yake tu. Anayenakili wimbo au ngano ya Kingwana na auandike usemi kama ulivyotamkwa, kisha tafsiri aiweke kando. Akiusahihisha uwe sanifu, atakuwa amefuta ushahidi ule ule alioujia, na msomaji wa baadaye hatakuwa na njia ya kumhakiki.