Kabla ya kulipia safari ya mbugani: yale wageni wa Tsavo husifu na yale hulalamikia

Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kila siku, alfajiri, magari ya kampuni za utalii hutoka pwani na kufuata barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi hadi malango ya Bachuma na Voi. Ndani yake huwamo wageni kutoka nchi za nje, na pia Wakenya: familia, wanafunzi, vikundi vya kanisa na vyama vya akina mama. Jioni wengine hurudi wakiwa na picha za ndovu wekundu. Wengine hurudi na malalamiko.

Malalamiko hayo yanamhusu mkazi wa kaunti kwa njia mbili. Kwanza, yeye mwenyewe huenda siku moja akalipia safari kama hiyo. Pili, kuna jamaa yake au jirani yake anayepata riziki kwa kuendesha gari la watalii, kupika hotelini au kuuza vikapu. Makala haya yanaeleza jinsi safari ya kuongozwa inavyopangwa, mambo ambayo husababisha ugomvi, na hatua za kuchukua kabla na baada ya kulipa.

Pesa ya safari hulipia nini

Kampuni ya utalii haimiliki mbuga, na mara nyingi haimiliki hoteli. Kazi yake ni kukusanya huduma za watu mbalimbali na kuziuza pamoja kwa bei moja. Ndani ya bei hiyo huwamo gari na mafuta, dereva ambaye mara nyingi ndiye pia mwongoza watalii, ada ya kuingia mbugani, chakula, na malazi iwapo safari ni ya zaidi ya siku moja. Juu yake kampuni huweka faida yake.

Ada ya mbuga hulipwa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, na malipo hayapokelewi kwa pesa taslimu langoni. Viwango hutofautiana: raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje, mradi athibitishe uraia wake kwa kitambulisho. Ndiyo sababu mtu aliyesahau kitambulisho nyumbani huweza kukwamisha gari zima langoni.

Mteja asipoelezwa kila sehemu ya bei, hapo ndipo matatizo huanza. Mmoja hudhani ada ya mbuga imo, kampuni nayo ilihesabu gari na chakula pekee. Wote wawili hugundua tofauti hiyo wakiwa langoni, saa moja asubuhi, watoto wakiwa na njaa.

Mambo ambayo wageni husifu

Wageni wanaporidhika, mara nyingi humtaja mwongozaji kabla ya kutaja mnyama. Mwongozaji hodari hueleza kwamba ndovu wa Tsavo huonekana wekundu kwa sababu hujirushia udongo mwekundu wa hapa, si kwa sababu ni aina tofauti ya ndovu. Humpeleka mgeni Bwawa la Aruba au mwamba wa Mudanda wakati wa kiangazi, kwa kuwa wanyama hukusanyika penye maji. Akiwa Tsavo Magharibi hupitia chemchemi za Mzima, ambako mgeni huruhusiwa kushuka na kutembea akiwa na askari wa mbuga, na ambako maji huvutwa kwa bomba hadi Mombasa.

Mwongozaji kama huyo pia husema ukweli mapema. Tsavo Mashariki ni tambarare na wazi, kwa hiyo wanyama huonekana kwa urahisi zaidi. Tsavo Magharibi ina vilima na vichaka vizito. Mandhari yake ni ya kupendeza lakini simba anaweza kulala hatua chache kutoka barabarani asionekane. Baada ya mvua za masika na vuli, nyasi hurefuka na wanyama hutawanyika kwa sababu maji yapo kila mahali. Aliyeambiwa haya kabla ya safari hatadai pesa zake kwa kuwa hakuona chui. Aliyeahidiwa kwamba lazima ataona kila mnyama mkubwa, na hakumwona, hujiona ametapeliwa.

Mambo mengine yanayosifiwa ni ya kawaida kabisa: gari lililofika kwa wakati, maji ya kunywa ya kutosha, dereva asiyekimbiza gari, na mtu wa kampuni anayepokea simu kukiwa na shida.

Malalamiko hutoka wapi

Lalamiko la kwanza ni muda. Kutoka Mombasa hadi Voi ni takriban kilomita 160, na anayetoka Diani huongeza safari ya kuvuka kivuko cha Likoni au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Malango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Safari ya siku moja basi ina saa nyingi za barabarani na saa chache za kutazama wanyama. Kampuni isipoliandika hilo wazi, mgeni huja akitarajia siku nzima mbugani.

La pili ni mabadiliko bila idhini. Hoteli iliyoonyeshwa kwenye picha hubadilishwa na nyingine, au gari lililoahidiwa kuwa na watu sita hubeba tisa, na kila mtu hakosi kupigania dirisha.

La tatu ni gari bovu. Gari likiharibika katikati ya mbuga, abiria hawawezi kushuka na kutembea kuelekea langoni. Sheria za mbuga hukataza kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, na sababu yake inajulikana na kila mkazi wa kaunti hii aliyewahi kupitiwa na ndovu shambani usiku.

La nne ni mwendo wa dereva. Wako wageni wanaolalamika kwamba dereva alikataa kuacha barabara ili kumsogelea simba. Hapo dereva ndiye mwenye haki. Kuendesha gari nje ya barabara za mbuga ni kosa, na mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Mgeni anayemshawishi dereva kwa bakshishi ili avunje sheria anahatarisha kazi ya mtu huyo na usalama wa wote walio garini.

La tano, na ndilo chungu zaidi, ni la kampuni isiyokuwepo. Tangazo huwekwa kwenye simu likiwa na picha nzuri na bei ya chini kuliko wengine wote. Pesa zikishatumwa, nambari huzimwa. Chama cha watu 28 ambacho kila mwanachama amelipa shilingi 4,500 kimetoa shilingi 126,000. Kwa kikundi cha kijijini, hiyo huenda ikawa akiba ya mwaka mzima, na mweka hazina ndiye atakayeulizwa.

Jinsi ya kukagua kampuni

Chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, kampuni za kuandaa safari na pia waongoza watalii huhitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA. Wengi huchanganya leseni hii na kibali cha biashara cha kaunti. Kibali cha kaunti kinaonyesha kwamba biashara imesajiliwa kuendeshwa mahali fulani. Hakithibitishi kwamba mwenyewe ameruhusiwa kuandaa safari za watalii. Mteja ana haki ya kuomba kuonyeshwa zote mbili, na kutazama kama muda wake haujapita.

Zipo pia dalili nyingine za kutegemea. Baadhi ya kampuni ni wanachama wa chama cha waandaa safari nchini, KATO, kilichoanzishwa mwaka 1978. Waongozaji nao hufanya mitihani ya chama chao cha kitaaluma, KPSGA, na hupangwa katika viwango vitatu: shaba, fedha na dhahabu. Kutokuwa mwanachama hakumaanishi kwamba kampuni ni ya ulaghai, lakini uanachama ukidaiwa, unaweza kuthibitishwa kwa kuuliza chama chenyewe.

Kabla ya kutuma pesa, mambo yafuatayo yapatikane kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu:

1. Tarehe, saa ya kuondoka na saa ya kurudi.
2. Aina ya gari na idadi ya abiria.
3. Jina la hoteli, na kitakachofanyika ikiwa itabadilishwa.
4. Iwapo ada ya mbuga, chakula na maji vimo ndani ya bei.
5. Kiasi kitakachorejeshwa safari ikiahirishwa na mteja, na kikiahirishwa na kampuni.

Malipo yafanywe kwa nambari ya biashara iliyo na jina la kampuni, si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha malipo likitofautiana na la kampuni, simamisha na uulize. Kikundi kikubwa kisilipe pesa zote kwa mara moja. Ni kawaida kulipa sehemu ya kwanza ya kushikilia nafasi na kumaliza karibu na siku ya safari. Risiti ihifadhiwe na watu wawili.

Mambo yakiharibika

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, maelezo ya kumwezesha kufaidika na huduma hiyo, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Hatua ya kwanza ni kuiandikia kampuni, kueleza kilichoahidiwa na kilichotokea, na kutaja kinachodaiwa. Picha ya gari lililokwama na nakala ya ratiba zina nguvu kuliko maneno makali.

Kampuni isipojibu, lalamiko linaweza kupelekwa kwa TRA, ambayo ndiyo hutoa leseni. Anayedai pesa zisizozidi shilingi milioni moja anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu huweza kujisimamia bila wakili na sheria hutaka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Pale ambapo mtu alichukua pesa na kutoweka, hilo ni jinai, na ripoti hupelekwa kituo cha polisi mara moja pamoja na ujumbe wa malipo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Mbuga za kitaifa husimamiwa na KWS, lakini Katiba imeupa utalii wa mashinani kwa serikali za kaunti. Kwa mkazi, swali kubwa ni kama mgeni anayepita humwachia mwenyeji kitu. Safari ya siku moja inayokuja na chakula kilichofungwa pwani na kurudi jioni huacha kidogo sana Voi. Mgeni anayelala usiku mmoja, akala hapa, akatembelea hifadhi ya jamii kama LUMO, iliyoundwa kwa kuunganisha ardhi za Lualenyi, Mramba na Oza, huacha mshahara wa mpishi, wa askari wa wanyama na wa mwongozaji.

Wenyeji hao ndio wanaoharibiwa mahindi na ndovu na kupoteza mbuzi kwa simba. Safari iliyoendeshwa kwa uaminifu huwarudishia sehemu ya gharama hiyo. Safari ya ulaghai huwanyima mara mbili, kwa sababu aliyetapeliwa harudi, na huwaambia wengine wasije.

Kijana anayetaka kuingia katika kazi hii aanze na mafunzo, kwa mfano katika Chuo cha Utalii cha Kenya kilichoanzishwa mwaka 1975, kisha mitihani ya waongozaji na leseni. Anayejua jina la Kitaita la mti, njia ya ndovu na historia ya reli iliyojengwa hapa mwaka 1898 tayari ana kitu ambacho kampuni ya mbali haiwezi kumfundisha mfanyakazi wake kwa wiki moja.

Wakazi na vikundi vinavyopanga safari wanashauriwa kufika katika afisi ya utalii ya kaunti au afisi ya wadi kuuliza kuhusu kampuni kabla ya kulipa. Kuuliza hakuna gharama.