Kuitia Motokaa Umeme Nyumbani

Kila nikutanapo na wenzangu niliosoma nao zamani, hapa Gisenyi, swali huwa lile lile: "Motokaa hii ya umeme haikumalizii mshahara?" Nitajibu mara moja hapa, nipate kupumzika.

Mwaka 2021 Serikali ya Rwanda ilikubali kuyaondolea ushuru magari ya namna hii, nami baadaye nikanunua moja lililokwisha tumika ng'ambo. Bei yake ilinivutia, wala sikuuliza habari za betri. Hilo ndilo kosa langu. Betri ilipokuwa mpya iliweza kuchukua uniti 24, zile zile tunazozijua katika mita ya nyumbani. Mimi niliipokea ikiwa inachukua 17 tu. Na betri ndiyo sehemu ya gari iliyo ghali kuliko zote! Musanze nafika, ingawa ni mwendo wa kupanda. Kigali, kilomita 155 hivi, sifiki bila kusimama njiani kujaza.

Basi atakaye kununua, kwanza fundi aipime betri, kisha aulize imetengenezwa kwa kitu gani. Zile za nikeli na kobalti ni nyepesi kwa kulinganisha na nguvu zake, lakini hazipendi kujazwa pomoni kila siku. Asilimia 80 yatosha. Zile za chuma na fosfeti ni nzito zaidi, ila hudumu miaka mingi na hazishiki moto upesi. Mimi ningechagua hizi za pili, hata kwa milima yetu, kwa kuwa gari linapotelemka mota hugeuka dinamo na kurudisha sehemu ya umeme uliotumika kupanda.

Sasa tuje nyumbani. Soketi ya volti 230 na ampea 10 hutoa kilowati 2.3, yaani uniti 20 hivi kwa saa tisa. Kwa hiyo betri yangu hujaa usiku mmoja. Lakini usiku wa kwanza niliunganisha kwa waya mwembamba wa kuongezea. Saa saba za usiku mke wangu akanusa plastiki inayoungua. Soketi ilikuwa nyeusi, na watoto wamelala chumba cha pili. Pasi hutumia umeme mwingi kwa dakika chache, motokaa hutumia mwingi usiku kucha, na waya hauna nafasi ya kupoa. Kesho yake fundi alivuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye kisanduku cha mita, wenye swichi yake ya kukata umeme, pamoja na waya wa ardhini.

Gharama je? Umeme wa nyumbani huuzwa kwa ngazi. Kwa bei za mwaka 2020, uniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja, zilizofuata mpaka 50 faranga 212, na zaidi ya hapo 249, kabla ya kodi. Nyumba yangu hutumia uniti 40. Motokaa huongeza 100. Basi uniti zake 10 tu huangukia ngazi ya kati, na 90 zote ngazi ya juu: jumla faranga 24,530. Kwa uniti hizo naenda kama kilomita 550. Gari langu la zamani lilikunywa lita 40 za petroli kwa mwendo huo. Msomaji na apige hesabu kwa bei ya leo.

Kinachobaki nakiweka akiba ya betri nyingine.