Gari Lisilo na Paa Katika Nchi ya Mbung'o

Mwezi wa sita, mpunga ukishaingia ghalani, watu wa Kasekese hupata fedha na mawazo kwa pamoja. Mwaka huu wazo la binamu yangu lilikuwa gari. Si Noah, wala pikipiki ya pili. Alitaka Land Rover ya zamani, ile fupi ya turubai, ambayo paa lake hufunguliwa mikanda likakunjwa na kioo cha mbele kikalazwa juu ya boneti. Alikuwa ameiona moja Mpanda, rangi ya kijani iliyofifia, mwenyewe anaiuza.

"Kaka, nataka ya kutembelea kila siku," aliniambia kwa simu. "Mjini, shambani, kanisani. Wewe uliyesoma, niambie kama nimepotea."

Sikumjibu siku hiyo. Wengi wetu gari lisilo na paa tunalijua kutoka kwenye gwaride la 9 Desemba, Rais akiwa amesimama anapunga mkono. Ulaya ni starehe ya wiki chache za jua. Kwa mtu wa kata ya Kasekese, wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, ambako vumbi la kiangazi hupokezana na matope ya masika, swali la kwanza si starehe. Ni kama gari litabaki kipande kimoja.

Chukua boksi la viatu. Likiwa na kifuniko, lishike ncha mbili ujaribu kulisokota kama mtu anayekamua nguo: linagoma. Ondoa kifuniko, usokote tena. Gari dogo la leo ni boksi hilo hilo. Halina chasisi ya kusimama peke yake. Sakafu, nguzo na paa vimechomelewa pamoja, kila kipande kikibeba mzigo wa jirani yake. Ukikata paa umeondoa kifuniko. Hata Volkswagen za kobe za turubai, zilizotengenezwa na kampuni ya Karmann kuanzia 1949, ziliongezewa vyuma kwenye kingo za chini, zikawa nzito kuliko ndugu zao wenye paa. Sasa lipeleke gari la namna hiyo kwenye makorongo, gurudumu la mbele kushoto likipanda tuta huku la nyuma kulia likizama shimoni. Hapo barabara ndiyo inayosokota, na inasokota kutwa nzima. Milango huanza kukataa kufunga, kisha kioo cha mbele hupasuka bila kurushiwa jiwe.

Land Rover ya zamani haikujengwa kama boksi. Imejengwa kama kitanda cha kamba: fremu kwanza, mengine baadaye. Chini kuna mihimili miwili mirefu ya chuma, kila mmoja ni mabati manne yaliyochomelewa kuwa bomba la pembe nne, na vyuma vya kukatiza kati yao. Injini, springi na bodi vyote vimefungwa hapo. Paa halibebi chochote, kwa hiyo likitoka, fremu haijui. Suzuki ndogo za turubai nazo zina fremu ya namna hiyo, na ningempa binamu yangu moyo ule ule kama angeiona Suzuki kwanza.

Gari hili halikuachiwa wazi kwa ajili ya urembo. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alilibuni mwaka 1947, wakati Uingereza baada ya vita ilikuwa ikigawa chuma kwa kipimo. Aluminiamu ilikuwa rahisi kupatikana, basi bodi ikawa ya aluminiamu, na paa likawa kitambaa. Lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa limekusudiwa wakulima. Ukoo huo uliendelea kuzalishwa hadi 29 Januari 2016, magari zaidi ya milioni 2. Kwetu lina kumbukumbu yake pia: katika miaka ya 1950, Dossa Aziz aliipa TANU Land Rover, na Nyerere akazunguka nayo kutafuta wanachama.

Nilipompigia binamu yangu tena, nilimwambia aende Mpanda na vitu viwili, sumaku na nyundo ndogo.

Sumaku haishiki aluminiamu. Aipitishe kwenye boneti, madigadi na ngozi ya milango. Ikinasa, hapo pamewahi kubadilishwa kwa bati la kawaida. Si kosa, lakini bei ishuke. Kisha alale chini ya gari na nyundo, agonge chasisi hatua kwa hatua, zaidi karibu na springi za nyuma na kwenye vishikio vinavyotoka pembeni kubeba bodi. Chuma kizima hulia kama kengele ya shule. Kilicholiwa hutoa sauti ya kibuyu. Matope huingia ndani ya lile bomba, hushika unyevu, na kutu hula kutoka ndani kuja nje huku rangi ya juu ikimeremeta.

Hapa Katavi ina bahati yake. Kutu inataka maji na oksijeni, na chumvi huiongezea kasi kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma. Hewa ya Tanga au Unguja ina chumvi ya bahari mwaka mzima. Mpanda iko mbali na bahari, na Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Magari mawili ya mwaka mmoja, moja likizeekea Tanga na jingine Mpanda, si rika. Kadi ya gari haisemi hilo; nyundo inasema. Aangalie pia pale aluminiamu inapogusana na chuma. Metali mbili tofauti zikilowa pamoja huwa kama betri, na anayeliwa hapo ni aluminiamu: hugeuka unga mweupe kuzunguka misumari.

Injini haikunisumbua sana. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 inatoa nguvu za farasi 70 hivi, na Mpanda, karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kiasi kwamba karibu sehemu moja ya kumi inapotea. Haitampita mtu yeyote. Itakunywa lita moja kwa kilomita 5 au 6, na hilo ndilo litakalomuuma kila wiki. Lakini betri ikifa, nyingi zina tundu la hendeli mbele. Unazungusha kwa mkono, gari linawaka.

Ninachokipenda zaidi ni chujio lake la hewa. Halina karatasi ya kununua. Ni kopo lenye oili chini. Hewa hushuka kwa kasi, ikikaribia oili hulazimika kugeuka ghafla kupanda juu. Hewa, kwa wepesi wake, inaweza. Chembe ya vumbi ni nzito, inashindwa kukata kona, inaendelea moja kwa moja na kuzama kwenye oili, kama abiria wa bodaboda asiyejishika. Jumamosi unamwaga tope, unaosha kopo kwa petroli, unaweka oili safi.

Mapafu ya dereva hayana kopo hilo. Gari linapotembea huisukuma hewa mbele na kuacha nyuma yake pengo la mgandamizo mdogo. Pengo hilo huvuta vumbi la magurudumu yenyewe na kulirudisha ndani kupitia turubai la nyuma. Watu hufunga mbele na kufungua nyuma wakidhani wanapata hewa. Matokeo yake wanafika weupe kama waliotoka mashine ya kusaga. Afanye kinyume: afunge nyuma vizuri, afungue vile vidirisha vya bati chini ya kioo cha mbele, hewa iingie kwa nguvu na kulisukuma vumbi nje.

Turubai nalo ni la pamba. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba matundu, ndiyo maana mvua ya kwanza hudondoka kidogo kisha huacha. Asilikunje likiwa bichi, litaota ukungu. Na kwa kuwa kitambaa hakimzuii mtu gari likipinduka, nilimtaka achomelee bomba nene nyuma ya viti, lishikwe kwenye chasisi na si kwenye bodi, na afunge mikanda. Hilo hakulifurahia. Alisema litaharibu sura.

Tulibaki na jambo moja ambalo vitabu vya magari havilitaji. Katavi ni nchi ya mbung'o. Mbung'o wa mapori ya miombo, Glossina morsitans, huwinda mchana, na macho yake huvutwa na kitu kikubwa, cheusi, kinachotembea. Kwake gari na nyati ni jamaa moja. Watafiti wa zamani walilijua hili: walitembea porini wakibeba kitambaa cheusi kwenye fito, kisha wakawahesabu waliotua. Mitego ya leo hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, kwa kuwa bluu huwavuta kutoka mbali. Mbung'o huruka kama mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa. Huo ndio mwendo wa Land Rover kwenye njia mbovu. Mwenye Land Cruiser mkonga hupandisha vioo akaendelea na mazungumzo. Mwenye turubai lililofunguliwa amewakaribisha ndani, na nguo nyepesi haiwazuii kuuma. Ng'ombe wakiumwa nao huugua nagana, watu malale.

Aliinunua. Chasisi ililia vizuri, isipokuwa kishikio kimoja cha nyuma ambacho fundi alikichomelea siku hiyo hiyo. Turubai lilikuwa limechanika, na fundi cherehani mjini alikuwa na vitambaa vizito vya rangi tatu. Binamu alinipigia akiwa dukani.

"Kaka, rangi gani?"

"Yoyote," nilimwambia, "isipokuwa bluu na nyeusi."

Kimya kidogo. "Na kaki imeisha."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ni pinki."

"Chukua pinki," nikamwambia.