Mdomo wa Bunduki ya Marisawa

Mtu akichungulia ndani ya mtutu wa bunduki ya marisawa, ataona tundu lililonyooka toka mwanzo hata mwisho. Jicho limemdanganya. Katika bunduki nyingi tundu hilo hubanwa kidogo karibu na mdomo. Mbano huo mafundi huuita choki, nao ndio uamuao kama marisawa yatakwenda yameshikamana au yatatawanyika upesi.

Tundu la bunduki ya namba 12 lina upana wa milimita 18.5 hivi. Choki kamili hulipunguza kwa kadiri ya milimita 1 tu, na nusu choki kwa nusu ya hapo. Lakini matokeo yake si madogo. Mpimaji hutundika karatasi kubwa, akasimama yadi 40 mbali, akapiga. Kisha huchora duara la inchi 30 mahali palipotoboka zaidi, akahesabu. Mtutu usio na choki yo yote huingiza katika duara marisawa 40 hivi katika kila 100, nusu choki 60, na choki kamili 70. Wakia moja ya marisawa namba 6 ya Kiingereza ina chembe 270 hivi; basi tofauti ni ya 108 na 189.

Huko Uingereza W. R. Pape wa Newcastle aliandikisha njia yake mwaka 1866, lakini wengi hawakusadiki mpaka mwaka 1875, bunduki za W. W. Greener wa Birmingham ziliposhinda katika majaribio ya gazeti la The Field. Baada ya hapo watu wengi walitaka choki kamili, nalo likawa kosa jingine.

Mfikirie mkulima wa Kiingereza alindaye shamba lake na njiwa-mwitu. Ndege hao humjia karibu, yadi 20 au 25. Kwa umbali huo choki kamili hukusanya marisawa katika duara dogo, lenye takriban nusu ya upana wa lile la mtutu ulio wazi. Ama atamkosa njiwa kabisa, ama atamrarua hata asifae kwa mchuzi. Robo choki ingemfaa zaidi. Kwa yadi 40 mambo hugeuka: mtutu wazi huacha mapengo, na njiwa hupatwa na chembe moja au mbili, akaenda kufa kichakani polepole. Ndiyo maana, kwa desturi, bunduki ya mitutu miwili ina choki ndogo kuliani, kwa ndege aliye karibu, na kubwa kushotoni, kwa yule anayekwenda zake.

Wako wasemao kwamba choki huiongezea bunduki nguvu. Sivyo, kasi ya chembe haizidi kwa kiasi cha kutajika. Ila chembe nyingi zaidi humpata ndege mmoja.

Zaidi ya hayo, marisawa ya chuma hayalegei kama yale ya madini ya risasi. Yakiwa makubwa kupita milimita 4, yasipigwe katika mtutu uliobanwa kupita nusu choki, kwani huweza kuuharibu. Tena alama iliyochongwa mtutuni isiaminiwe peke yake katika bunduki kuukuu, kwa kuwa fundi huenda aliupanua mdomo zamani. Mnunuzi na apige karatasi tano au sita, kwa aina ile ile ya risasi atakayoitumia, ahesabu zote, ndipo atoe fedha zake.