Trapani, Mji wa Kuskusi ya Samaki

Mgeni anayeingia mkahawani Trapani, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Sisilia, akitarajia piza na tambi za mchuzi wa nyama, huenda akashangaa kuona meza za jirani zimejaa kuskusi. Hicho si chakula kilichokuja juzi na wahamiaji. Ni chakula cha mji wenyewe, kama tagliatelle za nyama zilivyo za Bologna na pesto ya kijani ilivyo ya Genova. Italia iliungana kuwa dola moja mwaka 1861. Kabla ya hapo kila eneo lilikuwa na watawala wake, bandari zake na jiko lake, na tofauti hizo bado zinasomeka kwenye menyu.

Jirani wa Trapani ni Afrika: pwani ya Tunisia iko umbali wa kilomita 150 hivi. Mwaka 827 majeshi ya Waislamu kutoka huko yalitua Mazara, kusini mwa Trapani, na utawala wa Kiislamu ulidumu hadi Wanormani walipomaliza kukiteka kisiwa mwaka 1091. Maarifa hayakuondoka na watawala. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemtumikia Mfalme Roger II, aliandika mwaka 1154 kwamba Trabia, karibu na Palermo, palitengenezwa tambi nyingi zilizosafirishwa kwa meli hadi nchi za mbali.

Kuskusi ya Trapani ni kazi ya mikono. Mpishi humwaga chenga za ngano ngumu kwenye bakuli pana la udongo, huzinyunyizia maji kidogo kidogo na kuzizungusha kwa ncha za vidole mpaka zishikane kuwa punje ndogo. Punje hutiwa kwenye chungu chenye matundu chini, nacho huwekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Pale vyombo viwili vinapokutana huzibwa kwa unga uliokandwa, ili mvuke usipate pa kutorokea. Wakati huohuo samaki wa miambani, wenye miba mingi na ladha nzito, huchemshwa kwa nyanya, vitunguu, kitunguu saumu na lozi zilizotwangwa, kisha mchuzi huchujwa.

Baada ya zaidi ya saa moja ya mvuke, kuskusi hulowekwa kwa mchuzi huo, hufunikwa na kuviringishiwa blanketi la sufu ili itulie na kunywa mchuzi taratibu. Mezani huletwa pamoja na bakuli la mchuzi wa ziada, na mlaji hujiongezea apendavyo. Kwa kuwa kazi ni ndefu, ni busara kuuliza mapema kama siku hiyo imepikwa.

Asiyeikuta aagize busiate, tambi zilizosokotwa kama kamba kwa kuviringishwa kwenye kijiti chembamba. Mchuzi wake ni pesto ya Trapani: lozi, nyanya mbichi, kitunguu saumu na majani ya mrehani, vyote vikitwangwa kwenye kinu. Chumvi hutoka kwenye mashamba ya chumvi yaliyotandaa pwani kati ya Trapani na Marsala, yenye vinu vya upepo. Jodari naye ana historia yake: mbele ya mji kuna kisiwa cha Favignana, kilichonunuliwa na familia ya Florio mwaka 1874 na kuwa kituo kikubwa cha kuvua na kusindika samaki huyo. Mayai yake yaliyokaushwa kwa chumvi hukunwa juu ya tambi.

Asiyekula nyama ya nguruwe atapata nafasi kubwa hapa kuliko Bologna, ambako nyama hiyo hutiwa hata ndani ya tortellini. Hata hivyo aulize kuhusu mvinyo, kwani wapishi wengi huutia kwenye michuzi ya samaki.

Menyu hupangwa kwa awamu: vitangulizi, kisha tambi au kuskusi, ndipo samaki au nyama, halafu vitamu. Hakuna ulazima wa kuagiza kila awamu, na sahani moja ya kuskusi ya samaki hutosha kuwa mlo kamili. Jibini kwa kawaida haliwekwi juu ya tambi za samaki. Bei ya samaki mzima mara nyingi huandikwa kwa kila gramu 100, neno "etto" likiwa kando yake, kwa hiyo samaki wa nusu kilo hugharimu mara tano ya bei inayoonekana. Kinyota pembeni mwa jina la chakula kwa kawaida humaanisha kiungo kilichogandishwa. Mstari ulioandikwa "coperto" ni malipo ya meza na mkate, euro chache kwa kila mtu. Hayo si bakhshishi, nayo bakhshishi si lazima.