Mama Anatunzwa Vizuri? Msiulize kwa Simu, Nendeni Mkaone

"Mama hajambo, msiwe na wasiwasi." Jibu hilo la simu limewatuliza wengi wetu tunaofanya kazi mbali na nyumbani. Hela imetumwa, binti wa kumsaidia yupo, basi mnalala. Lakini mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anaweza kupata kidonda ndani ya siku chache tu, na simu haitawaambia.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtaja mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na iliitegemea familia kwanza. Makazi ya wazee ni hatua ya mwisho. Mkoa wa Mara una makazi ya Serikali ya Nyabange, kwa wasio na wa kuwatunza. Kwa hiyo, kwa wanandoa wengi wenye wazazi Ikoma, iwe Robanda au Nyichoka, nyumba ya kukagua ni ile ile ya mama. Mkienda, fikeni bila kutoa taarifa, tena saa ya chakula. Kisha angalieni haya:

Ngozi. Visigino, nyonga na chini ya mgongo. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo tafuteni sehemu iliyobadilika rangi, yenye joto au ngumu. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Ulizeni: usiku nani anamgeuza?

Maji. Wazee wengi hawanywi maji kwa kuogopa safari ya chooni gizani. Kikombe kiko karibu? Choo je, kina cha kushikilia?

Dawa. Hesabuni vidonge vilivyobaki, mlinganishe na tarehe vilipochukuliwa. Vikizidi, kuna siku zilirukwa.

Maneno yake. Mkae naye peke yake. Mbele ya anayemlisha, mzee gani atasema hajashiba?

Sasa tuje kwenu wawili. Mama hatakubali mwanawe wa kiume amfunue nguo, na mke naye akisema "huyo ni mama yako, shauri yako", kidonda kitaonwa na nani? Zungumzeni kabla ya safari. Mkwe aingie kama mama mwenyewe ameridhia. La sivyo, aombwe dada au shangazi. Mume ahesabu dawa, akague choo, akae na baba. Na mkienda kwa wazazi wa mke, iwe vivyo hivyo.

Mkikuta kasoro, msimfokee yule binti. Pengine hajapumzika hata siku moja tangu mwezi uanze, na hakuna aliyemfundisha kumgeuza mgonjwa. Mlipeni kwa wakati, mtafutieni wa kumpokea, na mwombeni muuguzi wa zahanati amwelekeze. Kidonda kikiwa kimeshafunguka, msisubiri kesho: mpelekeni mzee hospitali Mugumu siku hiyo hiyo. Na kabla hamjaondoka, kubalianeni nani kati yenu atakuja mwezi ujao.